Gari Lililopumua

Ieleweke kwa wote wanaohusika, ilisema taarifa rasmi ya wakala wa magari, kwamba mvumo hafifu unaoweza kusikika kwenye spika wakati redio imezimwa au sauti imeshushwa hadi sifuri ni tabia ya kawaida ya mfumo. Kwamba si hitilafu. Kwamba hauhitaji matengenezo. Na kwamba hauna athari yoyote kwa abiria wa aina yoyote. Taarifa ilipigwa muhuri na kubandikwa ukutani mapokezi, juu ya mtungi wa maji ya kunywa. Kila aliyekuja kulalamika aliisoma akiwa ameshika kikombe cha karatasi, akaondoka kiu na malalamiko vyote vikiwa vimepungua.

Fundi mmoja wa redio za magari, mwenye banda lake nyuma ya kituo cha mafuta, aliikubali taarifa hiyo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa ilimpunguzia kazi. Mtaa mzima ulimwita Nyamaza. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Lilitokana na neno alilolitumia kuliko mengine yote. Mteja akianza kueleza ugonjwa wa redio, fundi huinua kidole: nyamaza. Kisha huingia garini, hufunga milango, hupandisha vioo, hulaza kiti, hufumba macho na kuanza kusikiliza. Aliamini kwamba sikio linalotoka mtaani ni kama mguu unaotoka matopeni. Halipaswi kuingia ndani mpaka lifutwe. Basi alilifuta la kwake kwa ukimya, pole pole, mpaka asikie damu ikipita nyuma ya taya, halafu kitambaa cha kiti kikijinyoosha, halafu, kwa mbali kabisa, kile alichoitiwa.

Ni kweli kwamba mara nyingine alikuwa amelala.

"Mume wangu ndiye mtu pekee ninayemjua anayelala kwa malipo," mkewe alipenda kuwaambia watu. Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni, kwa sababu nyumba yao ilikuwa sebule na kitu kingine kidogo. Cherehani ikinyamaza, watoto wanalia. Watoto wakinyamaza, mama mkwe anazungumza na redio, akiijibu taarifa ya habari kipengele kwa kipengele, kama mtu aliyetukanwa yeye binafsi. Mwanamume aliyetoka katika nyumba hiyo akiingia ndani ya gari lililofungwa vioo, nani wa kumlaumu akichelewa kutoka?

Na huko ndani alikuwa anaona mambo. Mvumo wa spika, ukiusikiliza sana, huacha kuwa sauti ukawa mahali. Siku nyingine ulikuwa mvua inayowanyeshea watu wengine. Siku nyingine ulikuwa mchanga unaomiminwa na mtu asiye na haraka, katika chumba kisicho na upande wa pili. Alikuwa akitoka na macho mekundu, anajinyoosha, anasema, "Kuna waya umelegea," na kwa kawaida kulikuwa na waya umelegea.

Asubuhi moja shemeji yake, yaani mdogo wa mkewe, aliingiza bandani gari refu jeusi lenye mapazia. Shemeji huyo alikuwa dereva wa kampuni ya mazishi. Alikuwa kijana mtaratibu, wa maneno machache, aliyezoea abiria wasiolalamikia mwendo. Siku hiyo alishuka garini bila kufunga mlango.

"Shemeji, nina shida."

"Nyamaza kwanza."

"Safari hii usininyamazishe. Nimenyamaza wiki nzima, na ndiyo shida yenyewe."

Nyamaza akashusha kidole.

Shida ilikuwa hivi. Pale karibu na soko kulikuwa na mwanamke mwenye duka la kufulia na kupiga pasi nguo, ambaye kila mtu alimwita Mama Dobi. Nusu ya makarani wa mji waliingia ofisini kwa kola zake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, mtu mzima, aliyelala siku moja na asiamke. Kampuni ya mazishi ndiyo iliyomsafirisha, kwa gari hili, ambalo lilikuwa limenunuliwa karibuni kutoka kwa mtu aliyekuwa akilitumia kupeleka familia yake matembezini. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa, ikawekwa sakafu ya mbao yenye rola za kutelezeshea jeneza, na benchi jembamba ubavuni. Kwa kawaida hakuna aliyekaa kwenye benchi hilo. Ndugu hufuata nyuma kwa basi. Mama Dobi alikataa basi. Alisema hajawahi kumwacha mwanawe asafiri peke yake kwenye gari la watu asiowajua. Akapanda nyuma na mdogo wake wa kike, akaweka shavu juu ya mfuniko.

Katikati ya safari alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Anapumua."

"Ni uchungu, dada," akasema mdogo wake, akimshika mkono.

"Uchungu haupumui. Sikiliza."

Mdogo wake hakusikiliza. Alikuwa akilia, na mtu anayelia hasikii zaidi ya pua yake. Gari likaenda mpaka lilipokuwa linakwenda, na yaliyofanywa huko ni yale yanayofanywa.

"Na wewe?" aliuliza Nyamaza. "Ulisikia nini?"

"Pumzi. Inaingia, inakaa, inatoka. Kama mtu aliyelala vizuri."

"Ukafanya nini?"

Shemeji aliutazama usukani kupitia kioo, kana kwamba ndio ulioulizwa. "Niliendesha."

Tangu siku hiyo Mama Dobi alikuwa akifika getini kwa kampuni kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe ulikuwa mbele. Hukusikia?" Na kila asubuhi dereva alijibu kwamba hakusikia. Mama Dobi hakuwa mjinga. Alijua kwamba daktari alithibitisha. Alijua kwamba mtoto wake alikuwa amekaa kwenye chumba cha baridi mpaka watu wa mbali walipofika, na kwamba huko hakuna anayeendelea kupumua kwa ukaidi. "Akili yangu imeshaambiwa," alimwambia dereva. "Sikio ndilo halijaambiwa." Usingizi ulikuwa umemkimbia. Makarani walianza kuonekana ofisini na mashati yenye alama ya pasi mgongoni, rangi ya chai, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kudai.

"Sasa nataka uniambie," alisema shemeji. "Kama ni gari, niambie ni gari. Kama si gari, nalo niambie."

Nyamaza aliingia, akafunga milango, akapandisha vioo. Alifanya kila kinachofanywa. Alisikiliza redio ikiwa imezimwa. Aliiwasha, akashusha sauti hadi sifuri: mvumo ukaja, mwembamba, sawasawa, kama unga unaochekechwa chumba cha pili, halafu baada ya muda ukafifia wenyewe na kupotea. Hiyo ni kazi ya amplifaya, kile kisanduku cha chini ya kiti kinachozipa spika nguvu. Kikiona hakuna cha kusema, hulala. Aliwasha injini. Alikanyaga mafuta aone kama mvumo utapanda. Alizunguka kituo cha mafuta mara kadhaa, kichwa kikiwa kimeegemea dirisha, mpaka muuza mafuta akamuuliza kama amepotea. Hakukuwa na pumzi. Kulikuwa na mvumo uleule wa kawaida, unaotokea na kutoweka kwa adabu zote zilizotajwa katika taarifa.

"Kawaida," alisema alipotoka.

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Akavaa kofia yake ya kazi, akaivua, akaitazama ndani.

"Basi alikuwa anapumua," akasema.

Nyamaza alikuwa amesema neno "kawaida" mara nyingi maishani, na halikuwahi kumrudia likiwa na uzito huo. Aliliacha gari bandani, akaenda nyumbani kula. Mkewe, pini zikiwa mdomoni, alisikiliza habari yote bila kusimamisha cherehani, jambo ambalo mumewe hakuwahi kulielewa.

"Ulisikilizia wapi?" aliuliza alipotoa pini.

"Ndani ya gari."

"Wapi ndani ya gari?"

"Kiti cha mbele. Kiti cha dereva."

"Na mtoto wa Mama Dobi alikaa kiti cha dereva?"

Kutoka pembeni mama mkwe, aliyekuwa katikati ya ubishi na waziri fulani redioni, aligeuka. "Mwanamume," alisema, "unapima suruali kwa kuivalisha meza." Kisha akarudi kwa waziri.

Basi mchana huohuo Nyamaza alipanda nyuma ya gari la maiti na kulala chali juu ya rola, mikono kifuani, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

"Endesha," alisema.

"Niendeshe vipi?"

"Kama unavyomwendesha marehemu. Usipunguze kitu."

Shemeji alisita. Lakini mwili una mazoea yake, na mazoea hayaulizi nani amelala nyuma. Alivaa kofia. Alivaa glavu nyeupe. Alivuta mapazia. Alipotoka barabarani kwa mwendo ule wa mtu anayebeba bakuli lililojaa, kidole chake, bila kushauriana naye, kilibonyeza swichi ya taa za dharura, zile nne zinazowaka na kuzima kwa pamoja, ambazo madereva wote huziita hazadi.

Nyamaza aliutazama mwanga wa mapazia ukipita darini. Kila jiwe la barabara lilimfikia mgongoni kupitia rola, dogo, la mviringo, kama neno la lugha asiyoijua. Hakuwahi kubebwa hivyo tangu utotoni. Alifumba macho ili asikilize, na kwa kitambo alisikiliza kweli: matairi, pazia, tiki-taka ya hazadi. Halafu barabara ikalainika, na akajikuta amesimama kwenye uwanja mpana ulioanikwa mashati meupe, safu kwa safu, mpaka macho yanapoishia. Hapakuwa na upepo. Lakini mashati yalijaa, yote kwa pamoja, kifua na mikono, yakakaa hivyo yakiwa yamejaa, kisha yakanywea taratibu. Yakajaa tena. Hayakuwa ya kutisha. Yalikuwa kama watu waliokubaliana jambo zamani sana na ambao hawana haja ya kulizungumza tena. Alitamani kuingia katikati yao. Alinyoosha mkono kugusa kola ya lililo karibu, na hapo ndipo alipojua kwamba macho yake yalikuwa wazi, kwamba mashati yalikuwa yametoweka, na kwamba kule kujaa na kunywea kulikuwa bado kunaendelea, karibu na sikio lake la kushoto.

Hhhhh. Kimya. Hhhhh.

Alidhani ni yeye. Akazuia pumzi yake. Ile nyingine haikuzuiwa.

"Shemeji," alisema, "unasikia?"

"Nasikia," alisema shemeji kutoka mbele, kwa sauti ya mtu anayeisikia pia ile ya wiki iliyopita.

"Simama."

Gari lilisimama, na Nyamaza akainuka, akafungua pazia apate mwanga. Lilikuwa kosa dogo la kiufundi. Mwendesha baiskeli aliyekuwa akipita ubavuni, baada ya kuvua kofia kwa heshima, alimwona marehemu akiketi na kupiga miayo. Alishuka kwenye baiskeli yake kwa utulivu, akailaza barabarani, akaendelea na safari kwa miguu, na inasemekana baiskeli ilifuatwa na mkewe.

Walizima injini. Pumzi iliendelea. Shemeji akazima hazadi ili watu wasidhani ameharibikiwa, na pumzi ikakatika.

Wakatazamana kupitia kioo cha dereva.

"Washa," alisema Nyamaza.

Hazadi zikawaka. Tiki, taka. Na kutoka nyuma ya kitambaa cha ubavuni, pale ambapo zamani palikuwa na kiti cha mtoto na sasa palikuwa na upande wa kichwa cha jeneza, ile pumzi ikaingia, ikakaa, ikatoka.

Mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo, kama yalivyo mepesi mambo yote yakishajulikana. Katika gari hilo tiki-taka ya hazadi haikutokana na kifaa kinachogonga chini ya dashibodi, kama katika magari ya zamani. Ilikuwa sauti ya kutengenezwa, na ilipita kwenye spika. Ilikuwa ndogo mno kumfanya amplifaya akae macho, lakini kubwa ya kutosha kumwamsha. Akasikia tiki, akaamka taratibu, akaleta mvumo wake wote, akakaa kidogo, akaona hakuna cha maana, akasinzia taratibu, tiki nyingine ikamwamsha. Nani mwingine angejua? Watu wenye magari huwasha hazadi wanapoharibikiwa, na mtu aliyeharibikiwa hushuka akafungua boneti, hakai ndani akisikiliza. Wakala alipima gari kama linavyotumiwa na walio hai. Wa kuwasha hazadi tangu mlangoni hadi mwisho wa safari, vioo vimefungwa, hakuna anayezungumza, ni wale wenye mapazia tu.

"Kwa hiyo unatengenezaje?" aliuliza shemeji.

"Hakuna kazi. Nang'oa soketi za spika za nyuma. Mbili."

"Ng'oa basi. Ng'oa sasa hivi."

Nyamaza alikuwa ameshashika bisibisi. Akaitazama, akairudisha mfukoni. "Nikiing'oa leo, kesho asubuhi utamwambia nini?"

"Kwamba ilikuwa spika."

"Atakuamini? Wewe uliyemwambia wiki nzima kwamba hukusikia?"

Walilirudisha gari bandani, na baraza likakaa sebuleni, cherehani ikiwa imenyamaza kwa mara ya kwanza mchana kweupe, hata watoto wakatoka nje kuulizana kuna nini. Shemeji alisema kwamba kumsikilizisha mama wa watu pumzi ile mara ya pili ni kumzika mtoto wake mara ya pili. Nyamaza alisema hajui. Mkewe alikata uzi kwa meno.

"Kuna mama mmoja anayeamini kwamba amemfunika mtoto wake akiwa hai," alisema, "na nyinyi mnaogopa kumsumbua. Kaeni hapo. Nitamfuata mimi. Nyinyi mtamwambia kama mnavyomwambia mtu gharama ya betri."

Alikuja naye jua likianza kulegea. Mama Dobi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa ya pasi, na gauni lililonyooka kana kwamba halikuwa na mtu ndani. Aliwaamkia wote. Aliliamkia hata gari, au ndivyo ilivyoonekana, kwa jinsi alivyosimama mbele yake kidogo.

Shemeji alivua kofia. "Mama, nilisikia," alisema.

Mama Dobi hakushangaa. "Nilijua. Ulikuwa ukinitazama kwenye kioo." Kisha akauliza, bila ukali, "Kwa nini ulinikatalia?"

"Niliogopa ungesimamisha gari."

"Ningesimamisha," alisema Mama Dobi.

Nyamaza alimfungulia mlango wa nyuma. Alikaa kwenye benchi lake, palepale. Fundi aliketi mbele, akafunga vioo, akainua kidole kwa mazoea, akakishusha kwa aibu. Akabonyeza swichi.

Pumzi iliingia. Ikakaa. Ikatoka.

Mama Dobi alishika ukingo wa benchi. "Ndiyo huyo," alisema. "Ndiyo huyo huyo. Na wala hayumo."

Nyamaza alizima. Kimya kikarudi, chote kwa pamoja. Akawasha, pumzi ikarudi. Alianza kueleza habari za kisanduku kinachosinzia na kuamshwa, akaona anasikika kama wakala mwenyewe, akaacha. "Njoo mbele, mama," alisema. "Bonyeza mwenyewe."

Alikuja. Alikibonyeza kile kitufe chekundu chenye pembetatu kwa kidole kilichozoea kupima joto la chuma: mguso mfupi, kisha wa pili. Kimya. Pumzi. Kimya. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande, na hakuna aliyemharakisha. Nje, shemeji alikuwa anasugua kioo cha taa kilichokuwa safi.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," alisema hatimaye.

"Hakuwa yeye, mama."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo."

Alifuta uso kwa ncha ya kanga, vizuri, pande zote, kama mtu anayemaliza kazi. Nyamaza alitoa bisibisi yake na kusema kwamba sasa atang'oa soketi, ni mara moja tu, na hatasikia tena kitu.

"Ngoja kwanza, baba," alisema Mama Dobi. Alirudi nyuma, akakaa benchini, akavua viatu na kuvipanga sambamba. "Iache kidogo iwake. Wewe nenda kapumzike."

Fundi alishuka na kufunga mlango kwa namna yake, bila kuugonga. Walikaa nje kwenye matairi ya zamani, watu watatu, wakisubiri aitwe mtu. Hakuitwa mtu. Mkewe alikwenda kuchungulia kupitia upenyo wa pazia, akarudi akitembea kwa ncha za vidole.

"Amejinyoosha," alinong'ona. "Kalala."

"Hazadi zinamaliza betri, na hii imeshazeeka," alisema shemeji. "Na kesho asubuhi nina safari."

"Nyamaza," alisema dada yake.

Taa nne ziliendelea kuwaka na kuzima juu ya ukuta wa banda, zikififia, mpaka betri ilipokufa, jua likiwa bado halijazama. Tiki-taka ikakoma, na mvumo ukakoma nayo. Nyuma ya mapazia Mama Dobi alijigeuza upande wa pili, akaanza kukoroma.